UZI: Burkhard Christoph von Münnich, Mjerumani aliyeongoza jeshi la Urusi, akahukumiwa kukatwa vipande, akakaa Siberia miaka 20 na bado akarudi

Nahodha wa Nyika (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukifunguliwa uzi wa majemadari wa Urusi, majina ni yaleyale: Suvorov, Kutuzov, Zhukov. Leo namleta aliyewatangulia wote hao. Warusi wenyewe wanamtaja kwa kusitasita, kwa sababu hakuzaliwa kwao na kwa sababu vita vyake viliwagharimu watu wengi mno. Nimekuwa nikimsoma kwa muda mrefu na nina msimamo juu yake, nauweka wazi mapema: huyu alikuwa mjenzi wa daraja la juu kabisa ambaye dunia ilimlazimisha awe jemadari. Alichokijenga kilidumu. Alichokiteka kwa damu karibu chote kilirudishwa.

Tarehe za Urusi nitakazotaja ni za kalenda yao ya zamani, iliyokuwa nyuma ya ya Ulaya kwa siku 11.

Münnich alizaliwa Mei 1683, Neuenhuntorf, katika Oldenburg, kaskazini mwa Ujerumani ya leo. Wakati ule Oldenburg ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Ni nchi ya tope na matete, ardhi iko chini na bahari iko juu, na watu wanaishi kwa sababu kuna tuta. Baba yake alikuwa mhandisi, kazi yake ni hayo matuta na mifereji. Mtoto alikua akiona maji yanavyozuiwa na yanavyoelekezwa. Likumbukeni hilo, litarudi.

Akiwa kijana aliingia jeshini kama vijana wengi wa koo za kikabaila zisizo na mali nyingi: unauza upanga wako kwa mtawala anayelipa. Siku hizo haikuwa aibu. Alitumikia majeshi ya Hessen, akapigana Malplaquet mwaka 1709, vita vilivyoua watu wengi kuliko karibu vita vyote vya zama hizo. Mwaka 1712 alijeruhiwa Denain na kutekwa na Wafaransa. Akiwa mateka huko Cambrai alipokelewa vizuri na Askofu Mkuu Fénelon, na mpaka uzeeni alikuwa akimtaja kwa heshima. Baadaye alihamia kwa August, mfalme wa Poland na mtawala wa Saxony, akapanda mpaka meja jenerali. Hakupatana na wakubwa wa huko. Akaandika mapendekezo yake kuhusu ujenzi wa ngome, yakamfikia Petro Mkuu, tsar (mfalme) wa Urusi, na mwaka 1721 akaingia Urusi.

Ana miaka 37. Hapo ndipo maisha yake yanapoanza kweli. Naendelea.

Bint Mlimani

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, kabla hujaendelea nisaidie: kwa nini Urusi ilikuwa na Wajerumani wengi hivyo jeshini? Nikisoma vita vya Napoleon nakutana na Barclay de Tolly, Wittgenstein, Bennigsen, Diebitsch. Hivi Warusi walikuwa wapi?

Nahodha wa Nyika

Swali zuri, dada. Hao uliowataja wamechanganyika makundi mawili. La kwanza ni Wajerumani wa Baltiki, makabaila waliokaa Estonia na Livonia tangu zama za kati. Urusi ilipoichukua pwani hiyo kutoka kwa Sweden, kwa mkataba wa 1721, iliwachukua na wao, wakawa raia wa tsar. Barclay ni wa huko. La pili ni waliokuja wenyewe kutoka Ujerumani kutafuta cheo: Bennigsen alizaliwa Braunschweig, Diebitsch alizaliwa Silesia. Münnich ni wa kundi hili la pili. Petro alihitaji watu wanaojua mizinga, ngome, meli na hesabu, na alikuwa akiwalipa wageni mishahara mikubwa kuliko maofisa wazalendo.

Sasa sikieni hili. Aliyekuja kuifuta tofauti hiyo ni Münnich mwenyewe, Mjerumani, alipopewa urekebishaji wa jeshi chini ya malkia Anna. Ofisa Mrusi na ofisa mgeni wa cheo kimoja wakapata mshahara mmoja. Wanaompaka rangi kuwa alikuja kuwakalia Warusi kichwani mara nyingi hili hawalitaji.

SEHEMU YA PILI: MFEREJI

Petersburg ilijengwa pembezoni, ardhi ya kuzunguka haina nafaka ya kutosha. Chakula, mbao, kila kitu kilitoka ndani ya nchi kwa njia ya mito, na hatua moja ya njia hiyo ilikuwa Ziwa Ladoga. Ziwa hilo lina dhoruba kali. Mashua za mito, zenye tumbo bapa, zilizama zikiwa na shehena na watu. Petro akaamuru uchimbwe mfereji kandokando ya ziwa, kutoka Novaya Ladoga kwenye mto Volkhov hadi Shlisselburg pale mto Neva unapoanzia. Ni zaidi ya kilomita 100.

Kazi ilianza 1719 ikaenda ovyo. Menshikov, kipenzi wa tsar, alikuwa na mkono wake mle, na msimamizi aliyekuwepo alikuwa na mipango yake ambayo Münnich aliipinga waziwazi: vipimo vya usawa wa maji vilikuwa na makosa. Hebu fikiria mgeni aliyefika juzi anabishana na watu wa Petro kuhusu kina cha mtaro. Petro alikwenda mwenyewe kukagua, akatembea na Münnich kwenye eneo la kazi, akaona nani anasema kweli. Kazi yote akakabidhiwa Mjerumani.

Petro alikufa Januari 1725 bila kuuona umekamilika. Menshikov alikuwa bado yupo na alikuwa hampendi. Münnich akashikilia. Maelfu ya askari na vibarua walichimba kwa koleo, katika tope, wengi wakafia hapo, na hilo siwezi kulipitia kimya. Mwaka 1731 mashua zilianza kupita rasmi. Tangu hapo chakula cha mji mkuu hakikutegemea tena hali ya ziwa, na mfereji ule ulitumika zaidi ya miaka 100, mpaka ulipochimbwa mwingine sambamba nao katika miaka ya 1860.

Mwaka huohuo wa 1731 Anna alitia saini kuanzishwa kwa chuo cha makadeti, wazo ambalo Münnich ndiye aliyelisukuma na kulisimamia. Kilifunguliwa mwaka uliofuata katika jumba la Menshikov, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshaanguka na kufia Siberia. Vijana wa kikabaila walifundishwa hesabu na ngome, lakini pia historia, jiografia, sheria, lugha na hata kucheza dansi. Mshairi Sumarokov alitokea hapo. Kabla ya hapo mtoto wa kabaila alianzia jeshini kama askari wa kawaida na kujifunza njiani.

Kombo wa Bandarini

Mkuu, unampamba sana. Mimi ninavyojua huyu ndiye aliyepeleka askari Krimea wakafa kama nzige. Tuletee na upande huo.

Nahodha wa Nyika

Naleta, Kombo, tena bila kuficha.

SEHEMU YA TATU: VITA

Mwaka 1732 alipata cheo cha jemadari mkuu, cha juu kuliko vyote jeshini, na alikuwa pia mkuu wa baraza la vita. Mwaka 1734 alitumwa Danzig, ambako Stanisław Leszczyński, mgombea wa kiti cha ufalme wa Poland aliyeungwa mkono na Ufaransa, alikuwa amejifungia. Münnich alitaka kuimaliza haraka. Akaamuru ngome ya Hagelsberg ivamiwe usiku, na katika shambulio hilo moja waliuawa na kujeruhiwa zaidi ya 2,000. Mji ulisalimu amri kiangazi, lakini Stanisław alikuwa ameshatoroka kwa kujivika nguo za mkulima.

Hapo tayari unaiona tabia yake. Mtu aliyebishana miaka kadhaa kuhusu kipimo cha mtaro, akipewa jeshi anakosa subira kabisa.

Kisha vita na Waturuki, 1735 hadi 1739. Mei 1736 alifika Perekop, shingo nyembamba ya nchi inayoingia Krimea, ambayo Watatari walikuwa wameikata kwa handaki na ukuta kutoka bahari hadi bahari. Mwaka 1689 jeshi la Urusi lilifika papo hapo likageuza. Münnich alivunja na kuingia. Jeshi lilitembea kwa umbo la mraba, mikokoteni na mizinga katikati, wapanda farasi wa Khan, mtawala wa Watatari, wakilizunguka mchana kutwa. Alifika Bakhchisarai, mji mkuu wa Khan, akauchoma, kasri likiwemo. Hakuna Mrusi aliyewahi kufika hapo na jeshi kabla yake.

Halafu? Halafu akarudi, kwa sababu hakuwa na chakula. Watatari walichoma nyasi na kuharibu visima. Ni kiangazi, jua kali, askari wamebeba mikate mikavu, maji machafu, kuhara damu. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mwaka ule zilipotea roho 30,000 hivi, na kati ya hao waliouawa na adui ni 2,000 tu. Waliobaki waliuawa na tumbo, homa na kiu.

Kombo, umesema kweli, na mimi siwezi kumtetea hapo. Mtu aliyejua umuhimu wa kuulisha mji mzima kwa mfereji alijua pia kwamba jeshi halivuki nyika bila chakula na maji. Alijua, akaenda.

Julai 1737 akawa Ochakov, ngome ya Waturuki pale mto Dnieper unapoingia Bahari Nyeusi. Mizinga mikubwa ya kubomolea ilikuwa bado njiani kwa mashua, imekwamishwa na maporomoko ya mto. Hakusubiri. Mji ulishika moto ndani, naye akaona huo ndio wakati, akatuma askari moja kwa moja. Wakafika kwenye handaki lenye kina kirefu na hawana ngazi. Simameni kidogo hapo: maelfu ya watu wamesimama ukingoni mwa handaki, mbele hakuvukiki, na risasi zinawamiminikia kutoka ukutani. Jenerali Keith, Mskoti aliyekuwa jeshini humo, alipigwa risasi gotini. Inasimuliwa kwamba Münnich mwenyewe alisimama mbele ameshika bendera ya kikosi cha walinzi. Walianza kurudi nyuma. Ndipo moto ulipofikia ghala la baruti la Waturuki, likalipuka na kuua maelfu ndani ya mji, na ngome ikasalimu amri.

Wapo wanaoita huo ushindi wa Münnich. Mimi naona ni ushindi wa baruti.

Mwaka 1738 alielekea mto Dniester, hakuweza kuvuka, tauni ikaingia, akarudi mikono mitupu, na Ochakov yenyewe ikaachwa kwa sababu maradhi yalikuwa yanawamaliza waliowekwa kuilinda. Ila Agosti 1739, kule Stavuchany, alipigana kama mhandisi. Waturuki na Watatari walikuwa wamemzingira, wamejichimbia kwenye mwinuko. Akajifanya anashambulia upande wao wa kulia, wakahamishia nguvu huko na kuongeza mahandaki. Kumbe upande wa kushoto, walikodhani kijito na matope vinawalinda, askari wake walikuwa wanatandika miganda ya matawi na madaraja. Jeshi zima likavuka pale. Hasara yake katika vita hivyo haikufika watu mia moja. Ngome ya Khotyn ikafungua milango bila mapambano, naye akaingia Iași, mji mkuu wa Moldavia.

Hiyo ni hasira yangu kubwa na mtu huyu. Aliweza! Alipotumia kichwa cha baba yake, cha matuta na maji, askari walirudi hai.

Wiki chache baadaye Austria, mshirika wa Urusi, ikafanya amani yake peke yake mjini Belgrade. Urusi ikabaki na mji wa Azov, tena kwa sharti la kubomoa ngome yake, na karibu kila kitu kingine kikarudi kwa Sultani.

Mwl. Jioni

Maelezo mazuri. Ongezea usiku wa kumkamata Biron, vijana wasome siasa za kasri zilivyo.

Nahodha wa Nyika

Ndiko tunakoenda, mwalimu.

SEHEMU YA NNE: USIKU WA NOVEMBA 1740

Malkia Anna alikufa Oktoba 1740. Kiti kikaenda kwa Ivan wa Sita, kichanga cha miezi miwili, na msimamizi wa dola akawa Biron, kipenzi wa marehemu malkia, Mjerumani wa Courland. Münnich mwenyewe alimuunga mkono. Alitegemea malipo, hayakuja.

Wiki tatu tu baadaye, jioni ya Novemba 8, Münnich alikula chakula mezani kwa Biron. Msaidizi wake, Manstein, aliacha maelezo ya usiku ule. Anasema mgeni mmoja alimuuliza jemadari kama amewahi kufanya operesheni kubwa usiku. Münnich akajibu kwa utulivu kwamba hakumbuki vizuri, ila kanuni yake ni kutumia nafasi inapojitokeza. Akaaga, akaenda kulala kidogo. Saa nane za usiku akamwamsha Manstein.

Wakachukua askari wa walinzi 80 hivi. Wengi walibaki nje na Münnich, Manstein akaingia kasri na watu 20. Hakujua chumba ni kipi na hakuweza kuuliza. Akapita mlango baada ya mlango, mpaka akakuta mmoja uliofungwa kwa ufunguo lakini komeo zake hazikutiwa. Akausukuma ukafunguka. Mtu na mkewe wamelala fofofo. Akafungua pazia la kitanda na kusema ana shughuli na msimamizi wa dola. Biron akajirusha upande wa pili kama anayetaka kuingia uvunguni. Alipigana kwa ngumi, akazibwa mdomo kwa kitambaa, akafungwa mikono, akatolewa nje amefunikwa joho la askari.

Biron akapelekwa Pelym, kijiji cha mabwawa huko Siberia. Inasimuliwa kwamba Münnich mwenyewe ndiye aliyechora ramani ya nyumba atakayofungiwa.

Münnich akawa waziri wa kwanza. Miezi minne tu. Ostermann, Mjerumani mwingine, mtoto wa mchungaji kutoka Westphalia, alimchimba taratibu mpaka Machi 1741 akajiuzulu. Wanaoandika kwamba zama zile Wajerumani waliungana kuitawala Urusi wahesabu vizuri: Biron, Münnich na Ostermann walimalizana wenyewe kwa wenyewe.

Novemba 1741 Elizabeti, binti wa Petro Mkuu, akapindua, na wote wakakamatwa. Kwenye mahojiano Münnich alichoka na maswali, akawaambia waandike majibu wanayoyataka naye atatia saini. Hukumu: kukatwa vipande. Ostermann naye alihukumiwa kifo. Januari 18, 1742, walipelekwa kwenye jukwaa la mauaji kisiwa cha Vasilyevsky. Walioshuhudia wanasema wenzake walikuwa wachafu, ndevu zimeota, lakini Münnich alikuja amenyoa, amevaa joho lake jekundu la vitani, anaongea na ofisa wa ulinzi kana kwamba wanakagua gwaride. Ostermann aliwekwa kichwa kwenye gogo ndipo msamaha wa kifo ukasomwa. Kifo kikageuzwa uhamisho.

Münnich alipelekwa wapi? Pelym. Palepale.

Bint Mlimani

Subhanallah. Na Biron je?

Nahodha wa Nyika

Elizabeti alimwondoa Biron huko na kumpeleka Yaroslavl, mahali pa nafuu zaidi. Inasimuliwa kwamba misafara yao ilipishana njiani, wakatambuana, wakavuliana kofia bila kusema neno.

SEHEMU YA TANO: PELYM NA KURUDI

Miaka 20, kutoka 58 hadi 78. Mke wake wa pili, Barbara Eleonora, alikwenda naye, na mchungaji wao Mlutheri pia. Alilima bustani katika ardhi ambayo kiangazi chake ni cha wiki chache na mbu ni wingu. Alifundisha watoto wa kijiji hesabu. Aliandika mapendekezo juu ya ngome, ufugaji, jinsi ya kuwafukuza Waturuki Ulaya. Mchungaji alipofariki mwaka 1749, ibada akawa anaziongoza yeye. Maofisa wa huko walimwogopa hata akiwa mfungwa, kwa sababu aliwatisha kwamba ataandika Petersburg kuhusu wizi wao.

Mwaka 1762 Petro wa Tatu alimwita arudi, akamrudishia vyeo. Biron naye alirudi. Kuna simulizi maarufu kwamba tsar aliwakutanisha hao wawili karamuni, akawapa glasi wanywe kwa afya ya kila mmoja, kisha akaitwa pembeni; wakabaki wanatazamana, wakaweka glasi chini, wakageuziana migongo.

Juni 28, mke wa tsar, Katerina, akapindua. Watu wa tsar wakaanza kumkimbia mmoja mmoja. Münnich, miaka 79, alibaki. Alimshauri waende haraka ngome ya Kronstadt. Tsar akasitasita saa nyingi. Walipofika usiku, ngome ilikuwa ya Katerina. Münnich akamwambia wapige makasia hadi bandari ya Reval (leo Tallinn), huko achukue meli hadi kwa jeshi lake lililokuwa Pomerania, arudi nalo. Waliomzunguka tsar wakasema wapiga makasia wamechoka. Mzee akajibu basi tutapiga makasia sisi sote pamoja nao. Tsar akakataa. Siku chache baadaye alikuwa ameshauawa.

Kombo wa Bandarini

Hapo ndipo simwelewi. Huyo Biron, Münnich alimuunga mkono asubuhi, akamgeuka usiku. Kwa huyu tsar dhaifu anajitoa mhanga. Uaminifu gani huo?

Nahodha wa Nyika

Kombo, mimi naisoma hivi. Kwa Biron ilikuwa biashara: nimekusaidia, nilipe, hulipi, nakuondoa. Petro wa Tatu alimtoa mahali ambapo hakuna aliyekuwa na faida ya kumtoa. Mzee wa miaka 79 hakuwa na cha kuwania tena. Katerina alipomuuliza kwa nini alitaka kupigana naye, alijibu waziwazi kwamba alikuwa na deni kwa aliyemfungulia, na kwamba sasa wajibu wake ni kwake yeye malkia. Katerina hakumgusa.

Tena alimpa kazi, na hapa ndipo hoja yangu ya mwanzo inaposimama. Hakumpa jeshi. Alimpa bandari za Baltiki, ikiwemo Rogervik, ambayo leo ni Paldiski huko Estonia, pamoja na Mfereji wa Ladoga. Münnich akamwandikia malkia barua nyingi, mzee wa miaka 80 anayeeleza gati, mawe, kina cha maji, kwa furaha kubwa kuliko barua zake zozote za vita.

Mwl. Jioni

Alifia wapi?

Nahodha wa Nyika

Petersburg, Oktoba 1767, akiwa na miaka 84. Kaburi lake liko Luunja karibu na Tartu, Estonia, kwenye shamba alilokuwa akilimiliki.

Mwenye nyongeza kuhusu vita vya 1735 hadi 1739, hasa upande wa Waturuki na Watatari, aweke hapa. Upande huo unasimuliwa kidogo mno, na Bakhchisarai ilikuwa na watu wake.